Zamu ya Bhoke

Machochwe,
23 Februari 2025

Mdogo wangu Scholastica,

Natumaini u mzima, na mama mzima, na magoti ya mama nayo mazima, maana najua siku hizi yanataka salamu yao peke yao. Huku hatujambo. Wifi yako Gati anakushukuru kwa vitenge. Kimoja ameshona, cha pili amekificha chini ya godoro ili mimi nisijue kipo. Najua kipo. Tembo walipita shamba la chini Jumatatu, wakala mistari minne ya mahindi, wakaukanyaga na ule wa tano niliokuwa naonyesha wageni. Nilipiga debe na kufoka mpaka sauti ikakauka. Waliondoka waliposhiba.

Utashangaa kaka yako kuandika barua kama mkoloni. Ni kwamba tangu siku ile tulipopigiana kelele kwenye simu mpaka salio likaisha, nimeona simu haitufai. Kwenye barua hata ukikasirika, mimi nitakuwa nimeshamaliza kusema. Huyu dereva wa gari la Mugumu anapita Tarime kila wiki, na amekubali kuwa posta yetu.

Sasa jambo lenyewe. Mwanao Bhoke ni mzima. Naanza na hilo ili usiruke mistari. Jeraha la juu ya jicho limepona, imebaki alama kama punje ya mtama. Aliyempiga ni Elieth, binti wa jirani yetu Nyamhanga. Ndiye huyohuyo ambaye Bhoke hajaachana naye tangu ulipomleta hapa Januari. Wanakwenda shule pamoja, wanachunga mbuzi pamoja, wanaazimana hata viatu ingawa havilingani. Waligombania mbuzi wa nani aanze kunywa pale lamboni, Elieth akainua fimbo. Ndiyo yote. Mimi kama mjomba nimelishughulikia kwa utaratibu wetu, limekwisha, na kila mtu ameridhika.

Maneno uliyoniambia kwenye simu siku ile sitayarudia hapa. Karatasi huweka mambo muda mrefu.

Kaka yako,
Nchagwa


Tarime,
14 Machi 2025

Kaka Nchagwa,

Shikamoo. Barua imefika ikinuka dagaa, posta yako aliilaza chini ya gunia. Mama anakusalimu. Goti la kulia limepata nafuu, la kushoto limeona wivu. Mimi bado nakwenda Sirari na mitumba yangu alfajiri, narudi jua limezama, ndiyo maana niliona mtoto atakula vizuri zaidi na kusoma vizuri zaidi kwako kuliko kukaa hapa akinisubiri mlangoni. Wiki hii wateja kutoka upande wa Kenya wamekuwa wengi ila kila mmoja anataka kupunguziwa kama vile tumezaliwa tumbo moja.

Nilimsomea mama barua yako. Nilipofika pale uliposema kila mtu ameridhika, alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Nchagwa akisema watu wameridhika, ujue ameshakula."

Kwa hiyo nakuuliza, kaka, kwa heshima. Utaratibu wetu upi? Uliwakalisha watoto mkaongea? Ulimpeleka Bhoke kwao? Umeniandikia tembo kwa mistari mitatu, na mwanangu umemmaliza kwa neno moja.

Ya simu tuyaache. Nilikuwa nimechoka siku ile.

Mdogo wako,
Scholastica


Machochwe,
6 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Tumshukuru Mungu kwa mvua, hata kama imeubeba ule mti tuliokuwa tunavukia mto na kunifanya nichelewe kujibu. Huo ndio uongo wangu wa kwanza, nauandika halafu naufuta. Mvua ilikuwa ya siku nne tu. Nilikwisha kuandika barua nyingine kabla ya hii, nikaichana.

Mama ananijua. Nimekula.

Ilikuwa hivi. Siku ile ile ya jeraha, tulipomaliza kuongea kwenye simu, niliwatafuta wazee watatu nikaitisha iritongo, kikao kamili cha wazee, kama vile ng'ombe kumi wameibiwa. Nilivaa lile koti la harusi ya mwanangu Mniko, ambalo vifungo vyake na tumbo langu haviongei tena. Nyamhanga akaja na kandambili, ametoka shambani, hajui anaitiwa nini.

Akasema, "Nchagwa, hawa ni watoto. Kesho utawakuta wanachekana."

Nikamjibu, "Mura, mwenzangu, damu imetoka. Damu ya mtoto wa dada yangu haimwagiki hapa kama maji ya kuoshea sufuria."

Wazee wakaguna, nikaona kweli nimesema neno. Nakuambia, kama ningekuwa na kioo ningejiangalia. Wakamtoza Nyamhanga mbuzi mmoja. Asubuhi mbuzi aliletwa na Elieth mwenyewe, amemshika kamba. Akanipa shikamoo, akanipa kamba, akageuka akaenda. Nikamwambia Gati, "Umeona adabu ya mtoto huyu?" Gati akaingia jikoni. Mchana tukamchinja, wazee na mimi. Nyamhanga naye alikula kidogo, kama desturi inavyotaka, ili isisemwe kwamba ana kinyongo. Bhoke alisema jino linamuuma.

Baada ya siku chache ndipo Gati akaniambia jambo ambalo kila mwanamke wa hapa alilijua. Yule mbuzi alikuwa wa Elieth. Bibi yake alimpa angali mchanga, mama wa mbuzi akafa, Elieth akamnywesha maziwa kwa chupa. Mbuzi huyo alikuwa anachechemea mguu wa nyuma, wenzake wanamsukuma majini. Hiyo ndiyo sababu Elieth alitaka aanze kunywa. Na hiyo ndiyo sababu Nyamhanga alimchagua, maana nani atoe mbuzi mzima kwa faini wakati ana kilema zizini? Mimi mwenyewe ningefanya hivyo.

Sikujua, Scholastica. Nyama haisemi ilikuwa ya nani.

Bhoke hajambo. Amekuwa mtulivu sana, anasoma. Nimemkataza kwenda lamboni tangu asubuhi ile ya mbuzi, ili maneno yapoe. Jioni anakaa ndani na madaftari yake. Alama za hesabu zimepanda.

Kaka yako,
Nchagwa


Tarime,
22 Aprili 2025

Kaka,

Shikamoo. Tuko wazima, Pasaka imepita.

Mtulivu? Bhoke? Mtoto ambaye huimba hata chooni?

Mwalimu Honoratha, yule aliyehamia kwenu kutoka Bukoba, alinipigia Ijumaa. Hakutaka kukupigia wewe, anasema anakuheshimu na tena anakuogopa, wewe ni wa kamati ya shule. Akaniambia tangu Februari Bhoke anakula uji peke yake. Watoto wengine hawamchokozi, hawamtukani, hawamsukumi kwenye mstari. Akikaribia wanampisha. Wanaambiana, "Huyo usimguse, mjomba wake atakula mbuzi wenu."

Wanacheza rede, kaka. Unaikumbuka rede? Wawili wanarusha mpira, waliopo katikati wanakwepa, ukipigwa unatoka. Mwalimu anasema Bhoke anaingia katikati na kusimama pale mpaka kengele inalia, na hakuna hata mmoja anayemlenga. Siku moja mtoto mgeni alimrushia mpira kwa kutojua, mwenzake akamshika mkono.

Hesabu zimepanda, ndiyo. Angefanya nini kingine?

Nenda kwa Nyamhanga. Nenda peke yako. Usivae koti.

Scholastica


Machochwe,
25 Mei 2025

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Gati anaendelea vizuri, Mniko amepata kazi ya muda kwenye kambi ya watalii, kubeba mizigo, anasema wazungu wana mizigo mizito kuliko dhambi. Mahindi yaliyobaki yanakaribia kukauka. Nimeandika habari zote nilizo nazo, sasa sina pa kujificha.

Nilikwenda kwa Nyamhanga bila koti. Nilichukua mbuzi jike, mzuri, miguu yote minne, nikaenda naye mwenyewe nikimvuta kamba barabarani, watu wananiangalia. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe.

"Karibu, mwenyekiti," akasema. Mimi si mwenyekiti wa chochote, unajua, ni namna yake ya kunichoma.

"Nimekuja kurudisha," nikamwambia.

Akamwangalia mbuzi, akaniangalia mimi. "Wa faini harudi, Nchagwa. Unaijua desturi kuliko mimi, wewe ndiye uliyenisomea. Akirudi, kesi imefunguliwa upya, na safari hii mdai nitakuwa mimi. Unataka nikudai nini?"

"Basi si kurudisha. Ni zawadi. Kwa Elieth."

"Na yule alikuwa mtamu?"

Kweli alikuwa mtamu, na hilo ndilo lililonifunga mdomo.

Akaacha kuchonga. Akaniambia, "Siku ile nilitoka kwenye kikao chako nimeaibika, nikafika nyumbani nikamchapa. Asubuhi nikamtuma akupelekee mbuzi wake kwa mkono wake, ili ajifunze. Mara mbili kwa kosa moja. Tangu hapo akawa hali chakula vizuri. Mwezi uliopita shangazi yake alikuja kutoka Natta, anafanya kazi ya kufua kwenye kambi moja huko, akamwona, akanitukana mbele ya mke wangu, akamchukua. Yuko huko, amehamishiwa shule huko. Kwa hiyo mbuzi wako nimpe nani?"

Tulikaa. Mke wake akaleta chai. Tukaongea habari za tembo, maana hao hawakosi cha kusemwa. Nilirudi na mbuzi wangu.

Nilidhani nitamweleza Bhoke taratibu kwamba rafiki yake amehama. Alikuwa anajua siku nyingi. Nikamuuliza mbona hukuniambia? Akasema, "Ulisema limekwisha, mjomba."

Halafu akaniuliza kama shule zikifungwa anaweza kuja kwako. Nikamwambia ndiyo. Nikamuuliza, na utarudi? Akajibu, "Utakavyoamua wewe, mjomba." Alijibu kwa adabu kabisa, mikono nyuma. Mtoto ambaye Januari alibishana nami nusu saa kuhusu nani alimaliza sukari, na akanishinda.

Nitamleta mwenyewe hadi Mugumu na kumpakia kwa dereva wetu. Naomba umruhusu arudi Julai. Nitajirekebisha. Sijui nitarekebisha nini, ila nitaanza.

Kaka yako,
Nchagwa


Tarime,
22 Juni 2025

Kaka yangu Nchagwa,

Shikamoo. Bhoke alifika salama, asante kwa karanga. Mama amezificha, anasema ni dawa ya magoti. Biashara si mbaya. Siku hizi Jumamosi nakwenda Sirari na Bhoke, anakunja nguo na kuniambia nimetaja bei ndogo.

Wiki mbili hakutaja habari za huko. Nami sikumuuliza. Juzi tulikuwa tunafua, tumeinamia beseni, ndipo akaanza mwenyewe, bila kuniangalia.

Anasema pale lamboni watoto wana utaratibu wao. Mtu akikupiga, humrudishii hapohapo, maana utapiga kwa hasira. Unangoja kesho. Kesho unakuja palepale, yule aliyekupiga anakupa fimbo ileile, na wewe unampiga mara moja, popote pasipo kichwa, wengine wakiangalia. Halafu mbuzi wa wote wawili wanaingizwa majini pamoja. Ukishapiga, hakuna ruhusa ya kulitaja tena. Atakayelitaja anachunga mbuzi wa wote siku nzima.

Nikamuuliza, na wewe ungempiga wapi? Akaendelea kusugua ile nguo. Akasema, "Mguuni. Nilikuwa nimeshapanga nimpige polepole."

Usiku ule wote wa jeraha, wakati wewe umeshawakalisha wazee wako, yeye alikuwa amelala anafikiria namna ya kupiga ili isiume na watu waone kwamba amepiga. Asubuhi ulimkataza kutoka, na Elieth akaja na kamba.

Nikamwambia, lakini ungeweza kumsamehe tu hata baada ya mbuzi. Akaniangalia kama mtu mjinga. "Nimsamehe nini, mama? Alikuwa ameshalipa. Mimi ndiye niliyekuwa sijalipa kitu." Akaenda kuanika.

Sasa kaka, ile simu. Nimekuacha uibebe peke yako miezi minne, na wewe hukunisema, hata kwa mama. Wewe ulitaka kungoja. Ulinipigia, ukanieleza, ukasema, "Tungoje kesho tuone wenyewe watafanyaje." Mimi ndiye niliyekuambia, "Mjomba gani wewe, mtoto wangu anatolewa damu na wewe umekaa? Au kwa sababu hana baba?" Hilo la baba ndilo lililokuvalisha koti. Nililijua nilipolisema. Nilikuwa nimesimama sokoni, mteja anavuta sketi huku, mwingine huku, na mtoto wangu yuko mbali anatoka damu, nikatafuta neno la kukuuma nikalipata.

Nyama ulikula wewe, kaka. Kisu nilikupa mimi.

Bhoke harudi Machochwe. Nimeshaongea na shule ya hapa. Si adhabu kwako. Yeye mwenyewe alisema nitakavyoamua mimi, na hapo ndipo nilipojua lazima akae karibu yangu mpaka atakapoanza tena kubisha.

Mdogo wako,
Scholastica


Machochwe,
20 Julai 2025

Mdogo wangu Scholastica,

Mama asalimiwe, karanga ziko nyingine njiani. Gati alilia kidogo aliposikia Bhoke harudi, halafu akakitoa kile kitenge chini ya godoro, anataka kimshonewe gauni. Sasa na mimi naruhusiwa kujua kipo.

Ya simu umeshasema, inatosha. Ila usijipe kisu chote. Wewe uliniuma, kweli, lakini wale wazee watatu na lile koti nilivitafuta mwenyewe, na nilivifurahia. Mtu wa miaka hamsini na tatu anapata nafasi ngapi za kusema neno wazee wakaguna?

Linalonisumbua ni kwamba ule utaratibu wa lamboni naujua. Nilichunga pale miaka sita, mdogo wangu. Nimepigwa zamu yangu na nimepiga zamu yangu. Nilipiga kwa nguvu mara moja tu, nikatengwa wiki nzima, sikurudia. Niliposoma barua yako nilikumbuka yote, hata jina la aliyenipiga. Nikajiuliza nilikuwa wapi mwezi wa pili. Nilikuwa nimekua, nadhani.

Jumanne nilichukua pikipiki nikaenda Natta. Sikubeba mbuzi wala kitu chochote, Gati aliniamuru nigeuze mifuko nje kabla ya kuondoka. Nilimkuta Elieth kwenye bomba la maji, na ndoo. Amerefuka. Akanipa shikamoo, akasogea nyuma hatua moja. Hatua moja tu, lakini niliiona.

Nikachuchumaa ili nisiwe mrefu. Magoti yalilia mpaka akatabasamu, hapo nikapata nguvu. Nikamwambia, "Elieth, nimekuja kukuomba radhi. Mbuzi wako tulimla, na sikuuliza alikuwa wa nani."

"Alikuwa anaitwa Sigara," akasema.

"Kwa nini Sigara?"

"Alikula za babu."

Ndoo ikaendelea kujaa. Nikamwambia kwamba Bhoke yuko Tarime na hatarudi, na kwamba sasa najua alikuwa apige na mimi nikamzuia. Akaniambia jambo ambalo Bhoke hajui, ndiyo maana nakuandikia wiki hii hii.

Siku ile, alipokwisha kunipa kamba, hakwenda nyumbani. Alikwenda lamboni na ile fimbo. Akangoja. Siku ya pili akaenda tena, na ya tatu. Watoto wengine wakamwambia, acha, mbuzi ameshalipwa, limekwisha. Yeye akawaambia limekwisha la wazee. Siku ya nne baba yake akamkuta na fimbo, akadhani anatafuta ugomvi mwingine, akaivunja.

Nikamuuliza, mjinga mimi, kama naweza kusaidia. Nikamwambia, hata mimi naweza kukupiga polepole, kwa niaba ya Bhoke, tulimalize. Akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko cha mtoto kabisa, akaniambia, "Mzee, zamu haitumiwi mtu."

Nikamtwisha ndoo yake. Alikwenda hatua kumi, akasimama, na kwa sababu ya ndoo hakuweza kugeuza kichwa, akasema kwa sauti akiangalia mbele. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, umsomee Bhoke, wala usiongeze ushauri, na mimi siongezi:

"Mwambie bado hajanipiga."

Kaka yako,
Nchagwa